Kumchagua Dalali wa Nyumba na Viwanja: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Shinyanga, Kahama na Geita

Mnunuzi wa nyumba au kiwanja katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita mara nyingi hukutana na dalali kabla ya kukutana na mwenye mali. Hali hiyo ina sababu zake. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, na kila mmoja uliwavuta wafanyakazi, wafanyabiashara, wachimbaji wadogo na watumishi wa umma kutoka mikoa mingine. Mgeni hajui mtaa upi hujaa maji wakati wa masika, ukoo upi una shauri la mirathi, wala kiwanja kipi kimekwisha kuuzwa mara mbili. Dalali anayajua hayo, au husema anayajua, na maarifa hayo ndiyo bidhaa anayoiuza.

Fedha zinazolipwa kwa kawaida ni akiba ya miaka mingi, mafao ya kustaafu, mkopo wa mshahara au mapato ya msimu mmoja mzuri wa dhahabu. Zikipotea, ni nadra kurudi zote, na kuzidai kunaweza kuchukua miaka. Kwa hiyo mlaji ashike jambo moja tangu mwanzo: kazi ya dalali ni kumfikisha mnunuzi kwenye mali na kwa mwenye mali. Kazi ya kuthibitisha umiliki ni ya mnunuzi mwenyewe, nayo hufanyika katika ofisi za umma. Dalali mwema hamzuii mnunuzi kuifanya kazi hiyo, tena yuko tayari kungoja malipo yake mpaka ikamilike.

Dalali ni nani mbele ya sheria

Wathamini wa mali wana Bodi yao ya usajili, iliyowekwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Mawakili na wapima ardhi nao husajiliwa, na anayevunja maadili anaweza kuondolewa katika orodha. Dalali wa nyumba na viwanja hana bodi ya namna hiyo. Yeyote mwenye simu na uso unaofahamika kijiweni anaweza kujiita dalali.

Hata hivyo, dalali hayuko nje ya sheria. Kazi yake ni biashara, na biashara huhitaji leseni kutoka halmashauri pamoja na namba ya utambulisho wa mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Akitumia jina la biashara au kampuni, jina hilo linapaswa kuonekana katika kumbukumbu za BRELA. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo inaeleza wajibu wa wakala kwa aliyemtuma: atoe hesabu ya kweli, na asijitafutie faida ya siri katika kazi aliyotumwa. Akijipatia faida hiyo bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma ana haki ya kuidai.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: dalali huyu katumwa na nani? Mara nyingi katumwa na muuzaji, na mara nyingine hakutumwa na mtu yeyote. Amesikia tu kwamba kuna nyumba inauzwa. Dalali aliyetumwa na muuzaji hana kosa, ila mnunuzi ajue kwamba maslahi ya dalali huyo ni bei kubwa na mauzo ya haraka. Muulize waziwazi, na umwombe akuonyeshe barua, ujumbe wa simu au mwenye mali mwenyewe.

Malipo ya dalali na "cha juu"

Hakuna kiwango cha kamisheni kilichowekwa na sheria. Sokoni husikika asilimia 5 na asilimia 10, na kila kiwango kinaweza kujadiliwa. Tatizo kubwa zaidi si asilimia hiyo inayotajwa. Ni ile fedha isiyotajwa ambayo madalali huiita "cha juu".

Tuchukue mfano wa kiwanja ambacho mwenyewe anataka shilingi 10,000,000. Dalali anamwambia mnunuzi kwamba bei ni shilingi 12,000,000, tena anadai asilimia 10 kutoka kila upande. Mnunuzi anatoa shilingi 12,000,000 za kiwanja na shilingi 1,200,000 za kamisheni, jumla shilingi 13,200,000. Muuzaji, baada ya kukatwa kamisheni ya shilingi 1,000,000, anabaki na shilingi 9,000,000. Dalali amepata shilingi 4,200,000, na hakuna kati ya wawili hao anayejua jumla hiyo.

Hasara haiishii kwenye fedha. Ili cha juu kibaki siri, dalali hulazimika kuwatenganisha mnunuzi na muuzaji, na mnunuzi asiyeonana na muuzaji hawezi kujua kama muuzaji huyo ndiye mwenye mali. Ndiyo maana kila dalali anayesema "mwenye nyumba yuko safarini, fedha nipe mimi" atiliwe shaka, hata kama ni mtu mcheshi na mwenye sifa nzuri mtaani. Dawa yake ni rahisi: bei itajwe mbele ya watu watatu, yaani muuzaji, mnunuzi na dalali, kisha iandikwe.

Malipo mengine ni ada ya kuonyeshwa mali. Dalali ana gharama za pikipiki na muda, na si vibaya kuzilipa. Kubalianeni kiasi kabla ya kuondoka, na mkubaliane pia kama kitakatwa katika kamisheni. Dalali anayekuonyesha nyumba tano zilizokwisha kuuzwa, na kukutoza kwa kila moja, anaishi kwa ada ya kuonyesha na hana mali ya kuuza.

Maswali ya kumpima dalali

Kabla ya kwenda kuona mali yoyote, mwulize dalali maswali yafuatayo na uandike majibu yake:

1. Jina lako kamili ni nani, na una kitambulisho cha Taifa? Ofisi yako iko wapi, na una leseni ya biashara?
2. Nani amekutuma kuuza mali hii, na lini nitaonana naye?
3. Mali hii ina hati miliki, barua ya toleo, hati ya hakimiliki ya kimila, au haina nyaraka yoyote?
4. Utalipwa kiasi gani, na nani, na lini?
5. Je, uko tayari kuandika kwamba kamisheni yako italipwa baada ya uchunguzi kukamilika na mkataba kusainiwa?
6. Ni watu gani wawili walionunua kupitia kwako, na bado wanaishi katika nyumba hizo?

Swali la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Dalali anayeijua mali yake vizuri hupoteza kidogo kwa kungoja wiki mbili. Dalali anayesema kuna mnunuzi mwingine atakayelipa leo jioni anataka fedha zitangulie mbele ya ukweli. Mwambie amwuzie huyo mwingine. Ni afadhali kukosa nyumba kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jibu la swali la sita lifuatiliwe kwa miguu. Nenda ukaonane na watu hao bila dalali. Waulize kama bei haikubadilika njiani, na kama dalali alipatikana kwa simu baada ya kulipwa.

Nyaraka ambazo dalali anapaswa kuzifahamu

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia na kuikalia, na haki hiyo ina sura mbalimbali. Dalali anayezichanganya sura hizo, kwa kutojua au kwa makusudi, anaweza kumwingiza mnunuzi katika hasara.

*Kiwanja kilichopimwa chenye hati.* Chukua nakala ya hati, usome namba ya kiwanja na kitalu, kisha uende ofisi ya ardhi ya mkoa kuomba upekuzi rasmi katika daftari la Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, muda wa miliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio lolote. Hati iliyo mkononi mwa dalali haitoshi, kwa kuwa mali iliyowekwa rehani inaweza kuendelea kuzungushwa mitaani kwa nakala. Angalia pia risiti za pango la ardhi, maana deni lake linaweza kumwangukia mmiliki mpya.

*Barua ya toleo.* Madalali husema "kina ofa". Barua hiyo inaonyesha kwamba mtu alipewa kiwanja kwa masharti, lakini si hati miliki iliyosajiliwa. Thibitisha katika halmashauri kwamba masharti yake yalitimizwa na kwamba kiwanja hakikugawiwa mtu mwingine.

*Eneo lisilopimwa au lililo katika urasimishaji.* Uliza kama mchoro wa mipango miji umeidhinishwa, na kiwanja chako kimepangiwa matumizi gani. Eneo linaloonekana wazi leo linaweza kuwa limetengwa kwa shule, barabara au uwanja wa wazi. Ukinunua kandokando ya barabara kuu, kumbuka kwamba hifadhi yake kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyochorwa alama ya X na mamlaka ya barabara si ya kununuliwa, hata dalali akisema alama hiyo ni ya zamani.

*Ardhi ya kijiji.* Vituo vingi vya biashara vilikua kwa kasi kwa sababu ya dhahabu, na mnunuzi akiona soko, benki na maghorofa hudhani yuko mjini. Ukubwa wa soko haugeuzi ardhi ya kijiji kuwa kiwanja cha mji. Pale ambapo ardhi bado ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mauzo kwa mtu asiye mwanakijiji yaidhinishwe na halmashauri ya kijiji. Mahakama nchini zimekwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu. Mhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri. Omba muhtasari wa kikao kilichojadili ombi lako. Katika Shinyanga hakikisha pia kwamba eneo si sehemu ya ngitili ya kijiji, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa matumizi ya wote.

Kwa kiwanja cha aina yoyote, mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aje aonyeshe vigingi na kuvilinganisha na ramani ya upimaji. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kubomoa ukuta uliojengwa katika kiwanja cha jirani.

Mambo ya pekee katika ukanda wa dhahabu

Katika Geita, Kahama, Msalala, Mbogwe na Nyang'hwale, mnunuzi anapaswa kuuliza swali ambalo mnunuzi wa mikoa mingine huenda asilihitaji: je, eneo hili liko ndani ya leseni ya madini?

Haki ya kuikalia ardhi na haki ya kuchimba madini yaliyo chini yake ni haki mbili tofauti. Madini ni mali ya umma, na mwenye kiwanja hawi mwenye dhahabu kwa sababu ya kuwa na hati. Kwa hiyo dalali anayepandisha bei kwa kusema "mwamba umepita hapa" anauza kitu ambacho muuzaji hana. Bila leseni, dhahabu hiyo hairuhusiwi kuchimbwa.

Upande wa pili una hatari zaidi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamruhusu mkaaji halali wa ardhi iliyo ndani ya leseni ya uchimbaji kuendelea kulima na kulisha mifugo, ilimradi shughuli hizo hazizuii uchimbaji. Kujenga jengo jipya katika eneo hilo kunahitaji ridhaa ya mwenye leseni. Mnunuzi anayejenga bila kujua hujiweka mahali pabaya siku suala la fidia linapojadiliwa. Wakazi wa mitaa iliyopakana na mgodi wa Geita, ikiwamo Katoma na Nyamalembo, wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu fidia na kuhusu nyufa wanazozihusisha na milipuko. Aliyenunua huko baada ya malalamiko kuanza alinunua pamoja na mgogoro, hata kama dalali hakuutaja.

Uchunguzi wake si mgumu. Tume ya Madini ina ramani ya leseni inayoonekana kwenye intaneti, na maofisa madini wakazi wapo Geita, Shinyanga, Kahama na Mbogwe. Peleka viwianishi vya kiwanja ulivyopewa na mpima, uulize kama kuna leseni juu yake, iwe ya mgodi mkubwa au ya mchimbaji mdogo.

Ardhi yenyewe nayo ikaguliwe. Maduara ya zamani hufukiwa kwa udongo laini na magwangala, na nyumba ikijengwa juu yake inaweza kutitia. Mahali palipokuwa mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu panaweza kuwa na zebaki iliyobaki udongoni, na hapafai kwa kisima wala bustani ya mboga. Katika tambarare za Shinyanga na Kahama kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wenyeji huuita mbuga. Hupasuka kiangazi na kuvimba masika, nao huvunja misingi dhaifu. Waulize wazee na majirani, kisha urudi kukiona kiwanja baada ya mvua kubwa. Dalali anayejua eneo atayasema haya kabla hujauliza.

Mwisho, usinunue ahadi kwamba bei itapanda kwa sababu ya mgodi. Buzwagi ilisimamisha uzalishaji mwaka 2021, miaka 12 baada ya kuanza. Nyumba inayonunuliwa kwa matumaini ya wapangaji wa mgodi ipimwe kwa swali hili: mgodi ukifungwa, nani ataipanga?

Ridhaa ya familia

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Omba kuonana na mwenza wa muuzaji, na asaini mkataba akiwa ameuelewa. Muuzaji akiwa na wake zaidi ya mmoja, mke anayeishi katika nyumba inayouzwa asikose kuhusishwa. Dalali akisema "mambo ya nyumbani kwake mwachie mwenyewe", jua kwamba mambo hayo ndiyo yatakayokufikisha barazani.

Kama mwenye mali amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi, lakini haumpi mamlaka ya kuuza. Omba barua ya usimamizi na uithibitishe katika mahakama iliyoitoa.

Utaratibu wa kulipa

Mkataba wa mauzo uwe wa maandishi. Utayarishwe na wakili uliyemchagua wewe, si yule aliyeletwa na dalali. Jina la wakili linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Malipo ya awali, ambayo mitaani huitwa kishika uchumba, yatolewe kwa muuzaji kwa maandishi yanayosema yatarudishwa iwapo uchunguzi utaonyesha kasoro. Fedha zote za mali ziingie katika akaunti ya benki yenye jina la muuzaji, lile lile lililo katika kitambulisho na katika nyaraka za umiliki. Kusiwe na malipo ya bei kupitia simu ya dalali.

Mkataba utaje pia nani atalipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa kawaida ni wajibu wa muuzaji, na nani atalipa ushuru wa stempu na gharama za uhamisho. Kwa ardhi iliyosajiliwa, ununuzi haujakamilika mpaka uhamisho usajiliwe. Kamisheni ya dalali ilipwe kwa risiti baada ya mkataba kusainiwa. Dalali aliyekuhudumia kwa uaminifu alipwe bila kuzungushwa. Kumruka na kumfuata muuzaji kwa siri baada ya kuonyeshwa mali ni dhuluma pia, na huwafanya madalali waaminifu waanze kuficha wenye mali.

Ukidhulumiwa

Dalali akitoweka na fedha, au akiuza mali isiyo ya aliyemtuma, toa taarifa Polisi mara moja. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Akitoa maelezo ya uongo au ya kupotosha katika biashara yake, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo huo. Mgogoro wa umiliki huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize katika ofisi ya halmashauri wapi wanapatikana wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Katika ofisi hizi zote, swali la kwanza huwa ni: una ushahidi gani? Kwa hiyo tunza nakala ya kitambulisho cha dalali, ujumbe wa simu, tangazo la mali, risiti za ada, matokeo ya upekuzi na mkataba. Viweke pamoja tangu siku ya kwanza, na usivitupe hata baada ya kuhamia katika nyumba yako.